Nguo Moja kwa Wote, Dirisha la Wachache



Leo tunapenda kuwaeleza habari za kitabu kimoja cha Kiingereza, kidogo kwa kurasa lakini kizito kwa maana. Jina lake ni The Girls of Slender Means. Kwa lugha yetu tungesema "Mabinti wenye riziki nyembamba". Aliyekiandika ni Bibi Muriel Spark, nacho kilitolewa mwaka wa 1963. Kinasimulia maisha ya wasichana waliokaa pamoja katika nyumba moja mjini London mwaka wa 1945, katika miezi ile vita vikubwa vilipokuwa vikimalizika. Wengi wamekisifu kwa sababu kinachekesha. Ni kweli, kinachekesha. Lakini chini ya kicheko hicho liko swali ambalo kila mkristu anapaswa kujiuliza: watu wanaoshirikiana vitu, je, wanashirikiana mioyo pia?

Mwandishi na mji wake

Bibi Spark alizaliwa Edinburgh, katika Scotland, mwaka wa 1918. Mwaka wa 1937 alisafiri mpaka Rhodesia ya Kusini, nchi inayoitwa leo Zimbabwe, akaolewa kule, akazaa mtoto mwanamume. Ndoa ile haikudumu. Mwaka wa 1944 akarudi Uingereza, vita vikiwa bado vikali, akapanga chumba London katika Helena Club, nyumba iliyowekwa kwa ajili ya mabinti waliotoka kwao kutafuta kazi mjini. Kwa hiyo mambo anayoyaandika hakuyasikia kwa watu. Aliyaona kwa macho yake.

Mwaka wa 1954 aliingia Eklezia Katolika. Siku zile alikuwa na shida ya fedha na afya yake ilikuwa dhaifu. Graham Greene, yule mwandishi mkatolika aliyekuja kwetu Kongo mwaka wa 1959 na kukaa katika kijiji cha wenye ukoma cha Yonda, alimsaidia kwa fedha kila mwezi apate kuandika. Bibi Spark alikufa Italia mwaka wa 2006.

Na mji wenyewe ulikuwaje? Kuanzia tarehe 7 Septemba 1940, ndege za Wadachi zilitupa mabomu juu ya London usiku 57 mfululizo. Mwezi wa Juni 1944 yakaja mabomu yaliyoruka bila rubani, na kuanzia Septemba mwaka ule makombora makubwa, ambayo hayakukoma mpaka Machi 1945. Karibu watu 30,000 walikufa katika mji ule peke yake. Amani ilipofika Ulaya tarehe 8 Mei 1945, watu walicheza njiani usiku kucha. Lakini kulipopambazuka nyumba zilizovunjika zilikuwa pale pale, na kila kitu kilikuwa bado cha kupimiwa. Nguo zilipimwa tangu Juni 1941: mwanzoni kila mtu alipewa tikiti 66 za mwaka mzima, na gauni moja la sufu lilikula 11, baadaye hesabu ya tikiti ilipunguzwa. Sabuni nayo ilipimwa tangu mwaka wa 1942. Posho ile haikwisha kabisa mpaka Julai 1954, miaka tisa baada ya amani. Asiyeyajua hayo hataelewa kwa nini katika kitabu hiki kipande cha sabuni kina thamani kama fedha.

Nyumba ya mabinti

Nyumba ya kitabu inaitwa May of Teck Club. Hiyo ni ya kubuni, lakini mahali pake ni pa kweli, karibu na bustani za Kensington. Imewekwa kwa ajili ya mabinti wasiotimiza miaka 30, wenye mapato madogo, wanaolazimika kukaa mbali na wazazi wao. Walio wadogo wanalala orofa za chini, katika chumba kikubwa kilichogawanywa kwa mapazia. Juu kabisa wanakaa wale waliozoea mji, wenye marafiki wengi na mambo mengi. Kati yao wako akina mama watatu waliopita miaka ya sheria zamani, wala hakuna mwenye moyo wa kuwafukuza.

Tuwataje watatu tu, maana hao wanabeba kitabu chote. Jane Wright anafanya kazi kwa mchapaji wa vitabu. Ni mnene, ana njaa siku zote, na anasema anahitaji chakula kwa sababu kazi yake ni ya akili. Kwa siri anawaandikia waandishi wakubwa barua za uongo, ili wamjibu kwa mkono wao, na barua zao zipate kuuzwa. Selina Redwood ni mrefu, mwembamba, mzuri wa sura. Amejifunza somo la kujikaza na kujipendeza: kila asubuhi na kila jioni anarudia kwa sauti maneno fulani yanayomfundisha kusimama wima na kutotikisika. Joanna Childe ni binti wa mchungaji wa Kianglikana. Anawafundisha wenzake kusema mashairi kwa sauti nzuri, na sauti yake inasikika katika nyumba yote, tangu jikoni hadi juu.

Halafu iko nguo. Msichana mmoja, Anne, amepewa na shangazi yake tajiri gauni la jioni la Schiaparelli, mshonaji mkuu wa Paris, lenye maua ya rangi ya buluu, kijani, machungwa na nyeupe. Anne haivai peke yake. Mabinti wa orofa ya juu wanaiazima kwa zamu, na anayeiazima analipa kwa tikiti za nguo au kwa sabuni. Ni Jane tu asiyeweza kuivaa, kwa unene wake. Basi, kwa macho ya mtu anayepita, nguo hii ni mfano mzuri wa umoja: maskini wanashirikiana kitu kizuri, kila mmoja anapata jioni yake moja ya kuwa malkia.

Tunasema, kwa macho ya anayepita. Maana Bibi Spark anatuonyesha polepole, bila kuhubiri, kwamba ushirika huu una bei yake kila siku. Hakuna anayeazima bure. Kila wema una hesabu yake ya sabuni. Hatusemi kwamba ni dhambi. Watu waliobanwa na vita huishi hivyo, na aliyewahi kuishi katika mji uliopigwa anajua. Lakini biashara ya haki si lazima iwe upendo. Mwandishi anaziweka karibu sana hizo mbili, mpaka msomaji asizitenge tena, na hapo ndipo anapomshika.

Bomu na dirisha

Yule mama mmoja wa makamo, anayeitwa Greggie, alikuwa akisema siku zote kwamba katika bustani ya nyumba liko bomu lililoanguka wakati wa vita na halikupasuka. Watu walimwona kama mzee mwenye maneno mengi. Kumbe alisema kweli. Mwishoni mwa Julai 1945, Ulaya ikiwa na amani tangu Mei, bomu likapasuka, na nyumba ikawaka moto.

Mabinti waliokuwa juu hawakuweza kushuka. Njia ya kwenda juu ya paa ilikuwa dirisha moja dogo la chumba cha kuogea, jembamba mno. Ule mlango wa darini uliotokea juu ya paa ulikuwa umezibwa kwa matofali miaka mingi nyuma, kwa sababu mwanamume mmoja aliwahi kupitia pale kuingia kwa mabinti. Wembamba wakapenya dirishani wakaokoka. Wanene wakabaki ndani, wakingoja wazima moto wavunje matofali.

Hapo jina la kitabu linafunua maana yake ya pili. Wembamba wa mali walikuwa nao wote. Wembamba wa mwili walikuwa nao wachache, na siku ile ndio uliochagua nani atoke. Kwa muda wote wa vita mabinti hawa walikuwa wakipima viuno vyao kwa ajili ya uzuri na mchezo. Sasa wanapimana kwa utepe, moshi ukipanda, kwa ajili ya uhai.

Selina alikuwa ametoka salama. Alikwisha kulizoea dirisha lile, kwani usiku wa kiangazi alipitia hapo kukutana na rafiki yake Nicholas Farringdon kwenye paa. Nicholas huyu ni kijana mwandishi, asiyeamini sana kitu, mwenye mawazo kwamba serikali zote zingefaa kuondolewa. Naye anaipenda nyumba ya mabinti kama mfano wa maskini wanaoishi kwa umoja. Sasa yuko paani akisaidia. Anamwona Selina anarudi ndani kupitia dirisha. Anadhani amekwenda kuwasaidia wenzake. Selina anatoka tena, mtulivu, amebeba kitu kirefu mikononi. Ni lile gauni. Ndipo Nicholas, bila kukusudia, anafanya alama ya msalaba.

Je, Selina alifanya nini?

Hapa ndipo wasomaji wanapogombana, nasi tunataka kusema neno letu.

Wako wanaomtetea Selina. Wanasema: hakumwua mtu. Kurudi kwake hakukumnyang'anya mwingine nafasi, wala asingeweza kumpanua Jane apite dirishani. Kila mtu katika moto hushika kitu bila kufikiri. Mmoja hushika kiti, mwingine hushika kuku. Kwa nini basi kumhesabia uovu? Hoja hii ina nguvu, wala hatupendi kuipuuza. Tena mwandishi mwenyewe anatuambia kwamba baadaye Selina, alipomwona Nicholas, alipiga kelele asiweze kunyamaza. Mtu wa namna hiyo si jiwe. Naye pia alijeruhiwa siku ile.

Lakini tazama vizuri kile alichokibeba. Kama angebeba mkoba wake, tungesema ni hofu. Alichukua nguo ambayo haikuwa yake, nguo iliyokuwa ya wote, ile iliyokuwa alama ya ushirika wao. Akaiokoa alama ya umoja, na wenye umoja wako upande wa pili wa ukuta, hajui kama watatoka. Tena alifanya hivyo kwa utulivu. Lile somo alilolirudia asubuhi na jioni lilimsaidia: alisimama wima, hakutikisika. Ndiyo sababu tukio hili linatisha kuliko kama angekuwa amechanganyikiwa. Mwandishi hasemi kwamba Selina ni mbaya kuliko watu wengine. Anaonyesha kwamba mtu aweza kujizoeza kutotikisika mpaka shida ya jirani isimtikise pia.

Upande wa pili wa dirisha, Joanna naye anarudia maneno yake. Anasali kwa sauti zaburi za jioni ya siku ile, kama zilivyopangwa katika kitabu cha sala cha Waanglikana, na wenzake wanatulia kidogo kwa sauti yake. Wazima moto wanavunja matofali, ngazi inateremshwa, mabinti wanapanda mmoja mmoja. Joanna ni wa mwisho. Kabla hajatoka, nyumba inabomoka naye ndani.

Kwa maoni yetu, ufundi mkubwa wa kitabu hiki uko hapa: wasichana wawili waliozoea kurudia maneno kila siku, na moto unaonyesha kila mmoja alikuwa akijijenga kwa maneno gani. Bibi Spark haelezi neno hata moja juu ya ulinganifu huu. Anatuachia tuuone.

Tukumbuke pia shairi ambalo Joanna alipenda kuwafundisha wanafunzi wake. Ni shairi la Padri Gerard Manley Hopkins, Mjezuiti, juu ya meli Deutschland iliyokwama katika mchanga karibu na mlango wa mto Thames mwezi wa Desemba 1875. Ndani yake walikufa masista watano Wafransisko waliofukuzwa na sheria za Ujerumani. Mabinti wa nyumba ile walilisikia shairi hilo kila siku kupitia ukuta, wakalizoea kama kelele za mabomba ya maji. Hawakujua kwamba walikuwa wakisomewa habari zao wenyewe.

Mahali kitabu kinapopungua

Hatupendi kusifu tu. Yako mambo mawili tunayoyalaumu.

La kwanza ni kicheko chenyewe. Bibi Spark ana jicho kali, lakini mara nyingine ni baridi mno. Anacheka unene wa Jane na njaa yake zaidi ya inavyofaa. Jane ana makosa yake, na zile barua za uongo si jambo dogo. Lakini njaa katika mji wa posho si kichekesho tu. Na ni yeye, miaka mingi baadaye, anayewatafuta wenzake wa zamani kwa simu kuwapa habari za kifo cha Nicholas. Kati ya wote, aliyekosa kuivaa nguo ya ushirika ndiye anayehifadhi kumbukumbu ya ushirika. Tungependa mwandishi amheshimu zaidi kwa ajili hiyo.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ni Nicholas. Tunaambiwa kwamba baada ya moto alirudi kwa Mungu, akaingia utawa, akawa mmisionari katika nchi ya Haiti, akauawa kule. Sababu yake, kadiri kitabu kinavyodokeza, ni kwamba kuona uovu kwaweza kumgeuza mtu sawa na kuona wema. Fundisho hili ni la kweli, na watakatifu wengi wangelikubali. Lakini safari yake yote kutoka paani mpaka Haiti haikuandikwa. Tunapata mwanzo wake na mwisho wake, na katikati simu za mabinti wa zamani, ambao wana shughuli zao na hawakumbuki vizuri.

Wengine wanasema kwamba mwandishi alifanya hivyo kwa makusudi: dunia husikia habari za shahidi kwa nusu sikio, halafu hurudia shughuli zake. Huenda ndivyo. Walakini sisi watu wa Kongo, tulioona mapadri na masista wakiuawa mwaka wa 1964, tunalo la kusema. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba mwaka ule, naye akatangazwa Mwenye Heri mwaka wa 1985. Hakuwa shahidi kwa usiku mmoja. Alijitayarisha katika kazi zake za kila siku kule Bafwabaka, katika nyumba aliyokaa pamoja na masista wenzake. Ushahidi hukua polepole, katika kushirikiana sahani na ufagio. Bibi Spark, aliyejua vizuri namna hiyo maisha ya nyumba moja yanavyomfunua mtu, angeweza kutuonyesha jambo hilo kwa Nicholas pia. Hakufanya, na kitabu kimepungukiwa.

Amani isiyokamilika

Mwisho wa kitabu ni usiku wa Agosti 1945, Japani iliposhindwa. Watu wamejaa tena mbele ya jumba la mfalme, kama walivyojaa mwezi wa Mei. Kati ya umati unaoimba, baharia mmoja anamchoma mwanamke kisu, na hakuna anayetambua ila Nicholas. Anajaribu kuwaonyesha watu, lakini umati unamsukuma.

Wako wasomaji waliochukizwa na jambo hili, wakiona ni giza lisilo na haja. Sisi tunaona lina haja. Kitabu chote kinasema kwamba mji haujapona siku vita vinapotangazwa kwisha. Bomu lingali bustanini, na mtu aliyelitaja hakusikilizwa. Wazee wanaofurahia amani wasipowauliza mabinti wao wanaishije, wanakula nini, wanalipana nini ili waazimane nguo, basi amani ile ni ya jumba la mfalme tu.

Tungependa hasa wasomwe ukurasa huo wale wanaosimamia nyumba za mabinti, za parokia au za shule. Mlango wa paa ulizibwa kwa nia njema, kulinda heshima ya wasichana. Matofali yale hayakulinda heshima ya mtu, maana Selina alipita dirishani alipotaka. Lakini siku ya moto yalikaribia kuwaua wote waliobaki. Anayelinda vijana kwa kuziba milango, bila kuwafundisha mioyo, ajiulize wanene watatoka wapi.

Kitabu hiki si cha watoto. Dhambi imo ndani yake, ingawa haikupambwa wala kuelezwa kwa aibu. Kwa vijana waliokomaa na kwa wazazi wanaosoma Kiingereza tunakisifu bila wasiwasi, hasa kwa wale walio na binti aliyekwenda kupanga mjini pamoja na wenzake. Wakisome pamoja naye akirudi likizo, wasikilize yeye atasema nini juu ya Selina kabla ya kumwambia maoni yao.